Kijiti cha Juu ya Paa

Banda tulilokaa lilikuwa la ndama. Mzungu aliyekuwa na shamba lile, kaskazini mwa Eldoret, mbele kidogo ya mahali panapoitwa Kimumu, alilijenga kwa mbao na mabati, na alipouza shamba akaenda zake, banda likabaki. Tuliingia familia nne. Tuligawana nafasi kwa magunia yaliyotundikwa kwenye kamba, kila familia na kona yake, na mlango ulikuwa mmoja. Aliyekaa kona ya mwisho akitaka kutoka asubuhi, ilibidi apite katikati ya maisha ya wenzake: huyu anavaa, huyu ananyonyesha, huyu anagombana na mumewe kwa sauti ya chini. Kona ya mwisho ilikuwa yangu.

Nilikuwa na watoto wawili, msichana aliyeanza kung'oka meno ya mbele na mwingine wa mgongoni. Mume wangu alifanya kazi katika kiwanda cha sukari upande wa Uganda. Yeye ndiye aliyenunua hisa katika kampuni ya ardhi iliyolinunua lile shamba, miaka michache baada ya uhuru, na jina lililokuwa kwenye orodha ni lake. Mimi nilitumwa kukaa. Naomba neno hilo lieleweke vizuri, maana kununua hisa hakukutosha. Watu waliokuwa wakingoja walikuwa wengi kuliko vipande vya ardhi, kwa hiyo kamati ya kampuni iliweka sheria: kila mwenye hisa awe amejenga na kuhamia kwenye kipande chake kabla ya mvua ya kupanda mahindi. Nyumba iwe na ukuta, iwe na paa lililofungwa, na moto uwe unawaka ndani. Asiyetimiza, kipande chake kinapewa anayefuata kwenye orodha, naye arudi mwisho wa foleni angojee shamba lingine, kama litapatikana.

Kwetu magharibi tulikuwa tumemwachia ndugu wa mume wangu sehemu yetu ya ardhi ili tupate pesa za hisa. Hatukuwa na mahali pa kurudi. Nilikuwa na Januari, Februari na Machi.

Mabati yalikuwa ya wenye mabati. Sisi tulijenga kwa kile kilichokuwa chini ya miguu yetu na kando ya njia. Siku hizi vijana wa chuo kikuu, kutoka kule Kesses, huja kuniona na daftari zao. Wanaiita nyumba rafiki kwa mazingira, nami nafurahi, ni jina zuri. Wakati ule iliitwa nyumba ya asiye na mabati. Wananiuliza vipimo nami nawapa vyote, kwa sababu ujuzi wa mikono ukifichwa haumsaidii mtu.

Nawaambia hivi. Chomeka mti mmoja katikati, funga kamba, shika ncha ya kamba pamoja na panga, kisha zunguka ukichora ardhini. Hilo ndilo duara la ukuta wako, na halitakudanganya kama kamba haikulegea. Nguzo za ukuta ziwe za mtarakwa, kwa sababu mchwa hawaupendi, na hata hivyo ile sehemu itakayoingia ardhini uichome kwanza motoni mpaka iwe nyeusi kama kaa. Zangu zilikuwa nguzo za ua wa yule mzungu, zilizoanguka zenyewe kando ya bonde. Fito nilikata kwenye miwati, ile miti aliyoipanda kwa ajili ya magome yake. Gome la mwati likichunwa bichi ndilo kamba yako. Funga likiwa na maji, likikauka linakaza kuliko mkono wa mwanamume.

Udongo usichukue popote. Chukua wa kichuguu, kwa sababu mchwa wameshauchekecha kabla yako. Changanya na nyasi zilizokatwakatwa, mwaga maji, ukanyage kwa miguu, ufunike ulale siku mbili. Usiukandike kama unabembeleza mtoto, utupe kwa nguvu uingie katikati ya fito. Utakapokauka utapasuka. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na mimi nilikata tamaa nusu siku nzima mpaka mwanamke mmoja wa bandani akanicheka. Nyufa za kwanza zisikutishe. Tabaka la pili linazihitaji zile nyufa ili lipate pa kushika. La mwisho ni mavi ya ng'ombe na jivu, kwa kiganja, taratibu, na hapo sasa unaruhusiwa kubembeleza.

Hayo yote niliyafanya, nikisaidiwa na wanawake wa bandani, leo kwangu, kesho kwa mwenzangu. Kuezeka kulikuwa kazi ya mzee mmoja wa kwetu, ambaye alikuwa kibarua wa yule mzungu kabla ya sisi sote kufika. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mirefu. Alianza chini, akapanga matita ya nyasi moja juu ya jingine akipanda, na kufikia katikati ya Machi alikuwa amebakiza kilele tu, mahali paa lote linapokutana. Hapo palikuwa na tundu ambalo ungeweza kupitisha sufuria kubwa.

Nilikuwa chini nikipokea kamba aliponiita.

"Mke wetu, baba watoto anafika lini?"

"Desemba."

Akaikaza kamba aliyokuwa ameishika. Kisha akashuka ngazi, akajipangusa magoti, akaanza kukusanya vifaa vyake.

"Basi mimi nimemaliza," akasema.

"Mzee, juu kuna tundu."

"Naliona. Nimelitengeneza mimi."

Sasa nieleze jambo ambalo wale vijana hawaniulizi. Kwetu, nyumba ya mviringo haifungwi kileleni kwa nyasi peke yake. Kuna kijiti, chenye urefu wa mkono, kilichochongwa ncha, kinachopigiliwa juu ya mti wa katikati, na nyasi za mwisho zinafungwa kukizunguka. Anayekiweka ni mwenye nyumba, kwa mkono wake. Kikionekana juu ya paa, mpita njia anajua kuwa mwanamume wa nyumba hii yuko hai, hata kama hayupo nyumbani. Akifa, ndugu zake hupanda wakakivunja. Nyumba isiyo na kijiti ni ya mjane.

Nilikuwa nayajua haya tangu utotoni, kama unavyojua kwamba hupiti mbele ya wazee ukiwa umesimama wima. Lakini nilipokuwa nikikanyaga udongo na kuhesabu majuma sikuwahi kufikiri kwamba paa langu lingefika huko juu kabla ya mume wangu kufika. Nilikuwa nimeogopa kuchelewa. Sikuogopa kuwahi.

"Funga bila kijiti," nikamwambia yule mzee. "Akija atakiweka."

"Nifunge nyumba ya mjane? Nimzike mtu anayekula mshahara?"

"Basi kiweke wewe."

"Nikikiweka mimi nimekuoa," akasema. "Na mke wangu nyumbani ana ngumi."

Sikucheka. Nikamuuliza, na ikiwa nitakiweka mwenyewe. Yeye naye hakucheka.

"Mwanamke hapandi juu ya nyumba ya mumewe. Akipanda na kuweka kijiti, amejifanya mume. Mume wake hataingia humo tena kama mwenyewe. Usiniulize ataingia kama nani, sijawahi kuona."

Akachukua panga lake na kamba zilizobaki, akaenda.

Nilimwandikia mume wangu siku ileile, nikatembea hadi mjini kuitia barua posta. Nikamwandikia na shemeji yangu, kwa sababu ndugu wa mume anaweza kuweka kijiti kwa niaba yake na hakuna atakayesema neno. Ilikuwa siku moja tu ya safari kwake. Jibu lake lilikuja kwanza, mistari miwili: ukoo haukuwa na nyumba huko juu kwenye baridi, nyumba za ukoo ziko nyumbani, na kama nimechoka nirudi. Hakutaja ile ardhi yetu aliyokuwa tayari ameilima.

Mume wangu alijibu mwishoni mwa mwezi. Mwajiri alimnyima ruhusa. Aliandika kwa uangalifu, herufi zimesimama kama askari: "Mama watoto, ningoje. Usifanye lolote kuhusu jambo hilo kabla sijafika. Wabembeleze wa kamati."

Nilikwenda kuwabembeleza. Mwenyekiti alikuwa mtu wa kutoka sehemu za kati, mwenye duka mjini, mnene, mpole, kofia yake haikumtoka kichwani. Alinisikiliza akipima sukari ya mteja.

"Mama, sijaelewa," akasema. "Hiyo nyumba imebaki nini?"

"Kijiti."

"Kijiti moja?"

"Kimoja."

"Na hiyo kijiti inapatikana wapi? Ni ya kununua?"

Nikamweleza tena. Alikunja karatasi ya sukari vizuri, akampa mteja, akanigeukia kwa huruma ya kweli.

"Kwetu nyumba inajengwa siku moja. Asubuhi hakuna, jioni kuna moto. Ikilala wazi inaingiliwa na wenyewe wengine, si watu, ni pepo. Sasa wewe yako imelala wazi siku ngapi? Mama, mimi sina shida na wewe. Lakini nina watu sitini kwenye orodha, na kila mmoja ana mke na watoto kama wewe. Nikikuacha na tundu, nitaacha mwingine bila ukuta. Funga."

Alikuwa na haki, na yule mzee mwezekaji alikuwa na haki, na mume wangu pia kwa upande wake. Nilitembea kurudi nikiwa nimezungukwa na watu wenye haki. Tundu likiachwa wazi, kipande kinachukuliwa. Likifungwa bila kijiti, nimemuua mume wangu mbele ya watu, na akirudi hatakuwa na pa kuonyesha uso. Nikikiweka kwa mkono wangu, ninajua nilichoambiwa. Kila njia niliyoijaribu ilinirudisha palepale, kama mtu anayezunguka ukuta wa duara gizani akitafuta mlango.

Mvua za kwanza zilianza, zile za manyunyu za alasiri. Niliweka karai chini ya tundu. Nilikuwa nikitoka bandani kila asubuhi, nikipita katikati ya wale wa kona nyingine, kwenda kulimwaga karai katika nyumba yangu mwenyewe nisiyoweza kulala ndani yake. Sakafu ilianza kulainika pale katikati. Nikajua kuwa mvua kubwa ikifika, mti wa katikati utaoza miguu, na hapo kijiti kitakuwa hakina pa kukaa.

Kamati ilikuja Jumanne. Walikuwa watatu, mwenyekiti na karani na mtu wa kubeba kamba ya kupimia, wakipita kipande kwa kipande. Yule mzee mwezekaji alikuwa kwa jirani akitengeneza zizi, na alipoona wamefika kwangu alikuja akasimama kando, mikono nyuma. Wanawake wawili wa bandani walikuja pia. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye miwati.

Mwenyekiti aliuzunguka ukuta, akaugonga kwa kidole, akausifu. "Huu ni ukuta," alimwambia karani. "Andika huu ni ukuta." Kisha akainua macho.

"Mama, bado?"

"Bado, Mzee."

"Kijiti ile ile?"

"Kile kile. Kipo hapo, nimeshakichonga." Nilikuwa nimekiegemeza mlangoni. Sijui kwa nini nilikichonga, labda mikono ilitaka kazi.

Alikitazama kijiti, akatazama mawingu, akamtazama karani aliyekuwa ameshika kalamu juu ya jina la mume wangu. Nikaona huruma ikimpanda usoni, na ndiyo iliyoleta balaa. Alivua koti akampa karani. Akavua na kofia, mara ya kwanza kumwona kichwa. Akachukua kile kijiti.

"Sasa tunasumbua mama wa watu kwa ajili ya fimbo," akasema. "Ngazi iko wapi? Mimi nimeezeka nyumba ya baba yangu. Dakika tano nimemaliza, tunaandika, tunaenda."

Alikuwa mtu mzima, mwenye mke mwenye heshima dukani, na hakuwa na wazo hata moja baya. Alikuwa ameshapanda vidato vitatu ngazi ikilalamika, na mimi bado nimesimama. Nyuma yangu yule mzee akasema kwa lugha yetu, bila kuinua sauti, "Akikiweka, wewe ni wake. Hata yeye mwenyewe hatajua, lakini sisi tutajua."

Mmoja wa wale wanawake akaguna.

"Mzee, shuka," nikamwambia mwenyekiti.

"Usiogope, Mama, mimi si mzito hivyo."

"Shuka, nakuomba. Si uzito."

"Ni nini basi?"

Ningemweleza nini, katika hali ile, mbele ya karani? Nikashika ngazi. "Kuna mdudu huko juu," nikasema. "Wa kuuma." Akashuka upesi kuliko alivyopanda.

Nikakichukua kijiti mkononi mwake, nikampa mwenzangu mtoto wa mgongoni, nikapanda. Watu wengi hudhani niliamua jambo kubwa pale. Sikuamua. Nilikuwa nimebakiwa na mlango mmoja, na mtu alikuwa ameanza kuufunga kwa wema wake. Nilipofika kileleni niliona shamba lote, vipande vyote na nyumba zao, moshi hapa na pale, na watu wadogo wakiniangalia. Nilikipigilia kijiti juu ya mti wa katikati kwa mgongo wa panga. Nikaomba kamba.

Yule mzee hakunipa. Alikuwa amegeuza uso kutazama bondeni. Mwenyekiti ndiye aliyenirushia, gome la mwati lililolowa, akiniuliza kwa sauti kama mdudu bado yupo. Nilifunga nyasi za mwisho mizunguko saba, nikakaza kwa meno. Niliposhuka, mvua ilikuwa inaanza, nami nikaingia ndani nikawasha moto kwenye sakafu iliyolowa. Ulitoa moshi mwingi kuliko moto, lakini karani aliuona akaandika. Mwenyekiti akavaa kofia yake.

"Umeona, Mama?" akasema. "Ilikuwa kazi ndogo."

Jioni ile nilihama bandani. Nilifikiri nitapumua. Nyumba ilikuwa kavu, ilinukia nyasi, watoto walikimbia wakiuzunguka mti wa katikati mpaka wakaanguka. Lakini wanawake wa kwetu hawakuja kuniletea moto wala unga kama ilivyo desturi kwa mwenye nyumba mpya. Walipita njiani. Baada ya wiki moja wakaanza kunisalimu.

"Habari ya Bwana?" mmoja wao aliniuliza kisimani.

"Bwana yuko Uganda."

"Aa, mimi namsalimu huyu wa hapa. Huyu anayechota maji."

Wengine walicheka, nami nilijaribu kucheka nao, maana ukikasirika kisimani utarudi kuwakuta kesho. Jina lilinishika. Niliitwa Bwana kisimani, sokoni, hata kanisani nyuma nyuma. Nilipougua homa mwezi wa saba, mmoja wao alileta uji akauacha nje ya mlango. Hakuvuka kizingiti. Nilimsikia akimwambia binti yangu, "Mpe Bwana anywe ungali moto." Alikuwa anatania, na alikuwa amebeba uji ule mwendo wa nusu saa. Watu ni wote wawili hao, anayetania na anayebeba uji.

Mume wangu alifika Desemba, na habari zilikuwa zimempokea stesheni kabla yangu. Nilimwona akija kwa miguu na sanduku begani. Alisimama uwanjani akatazama juu kwa muda mrefu.

"Nani alifunga?"

"Mimi."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Niliandika ungoje."

"Ningengoja, baba watoto, ungekuta hapa mtu mwingine anachemsha chai."

Hakugomba. Ningependelea agombe. Alikuwa mtu wa kufikiri, na nilimwona akiufikiri mtego ule kama nilivyoufikiri mimi, akienda huku na kurudi. Hangeweza kukiondoa kijiti akakiweka upya, kwa sababu kukiondoa ni kutangaza kifo, na cha kutangazwa kingekuwa chake. Hangeweza kukiacha akaingia kama mwenye nyumba, kwa sababu kila mtu wa kwetu alijua mkono ulioko pale juu. Akatua sanduku. Akaja hadi mlangoni, akasimama nje ya kizingiti.

"Hodi," akasema.

Nilidhani ni utani wa kupunguza uzito. Nikasema, "Karibu," nikicheka kidogo. Akaingia, akakaa karibu na mlango, pale anapokaa mgeni, akangoja aletewe maji.

Kesho yake alipotoka na kurudi, akasema tena hodi.

Alisema hodi likizo ile yote, na likizo ya mwaka uliofuata. Halafu Wakenya waliokuwa wakifanya kazi Uganda wakarudishwa, akaja kukaa moja kwa moja, na bado akasema hodi, asubuhi akitoka kukamua, mchana akitoka kulima, jioni akitoka kunywa chai kwa wenzake. Hakuniita Bwana, wala hakuninyima heshima hata mara moja. Aliuliza kabla ya kusogeza kiti. Aliuliza kama anaweza kutundika koti. Watoto walizaliwa humo wengine watatu, wakakua wakidhani baba wote hubisha hodi nyumbani kwao. Ukitaka kujua upole unavyoweza kumbana mtu, ishi na mgeni mpole kwa miaka.

Mwaka mmoja, kiangazi, alianza kukusanya nguzo za mtarakwa nyuma ya zizi. Alileta mbili, kisha nne. Alizichoma miguu vizuri, kama nilivyomwonyesha. Nilizihesabu kila nilipokwenda kukata majani. Zilipofika kumi na moja nikamuuliza.

"Ni za nini?"

"Nyumba."

"Ya nani?"

"Ya kwangu," akasema. "Ndogo tu. Nitaifunga mwenyewe."

"Na nani atapika humo?"

Akainama akageuza nguzo moja iliyokuwa inavuta unyevu. Kwetu mwanamume hajijengei nyumba ya kulala peke yake akiwa na mke. Nyumba ya pili ni ya mke wa pili, hata kama mwenyewe hajamfikiria. Ikishasimama, nafasi yake itamtafuta mtu. Nilijua kuwa anajua. Naye hakuwa na nia hiyo, naamini mpaka leo. Alitaka tu paa lililo na mkono wake, na hapakuwa na jinsi ya kulipata bila kuleta mwanamke chini yake.

Nilifunga nguo zangu kwenye kitambaa. Mwanamke aliyekosewa na mumewe hurudi kwa mama yake, naye mume humfuata, mambo yakazungumzwa na wakubwa. Ndiyo njia iliyowekwa, na nilikuwa na haki nayo kama mwanamke yeyote. Nilitoka na kifurushi kichwani. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, upande wa jua.

"Unakwenda?" akauliza.

"Nakwenda kwa mama."

Alifikiri. "Na nyumba unamwachia nani?"

"Wewe si upo?"

"Mimi mgeni," akasema, bila uchungu, kama anayenikumbusha kitu nilichosahau sokoni. "Mwenye nyumba akiondoka, mgeni hubaki kufanya nini? Mimi pia nitaondoka. Kamati itakuta mlango umefungwa."

Nilisimama pale na kifurushi. Hati za ardhi zilikuwa bado hazijatoka, na sheria ya kukaa ilikuwa bado sheria. Sikuwa na hakika kama ananitisha au ananiambia ukweli, kisha nikaona kuwa hakuna tofauti. Mke angeweza kuondoka. Mimi nilikuwa nimeacha kuwa mke wa kuondoka siku ile nilipokaza gome la mwati kwa meno. Kila mwanamke pale kisimani, hata yule aliyenicheka kuliko wote, alikuwa na mahali pa kukimbilia akikasirika. Mimi nilikuwa na nyumba.

"Zile nguzo," nikasema.

"Zina nini?"

"Zizi la ndama limeinama. Zinatosha upande mmoja."

Aliangalia zizi muda mrefu kama alivyokuwa ameangalia paa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu siku zilizobaki za kifungo na kukuta ni zilezile.

"Zinatosha," akasema mwishowe.

Nikarudi ndani nikafungua kitambaa, nikazitandaza nguo zangu moja moja juu ya kitanda. Nilimsikia akivuta nguzo ya kwanza kuelekea zizini, kisha ya pili. Alifanya kazi mpaka jua likawa chini. Alipomaliza alikuja mlangoni, viatu vimejaa udongo, akasimama nje ya kizingiti. Sikumngoja aseme.

"Karibu," nikamwambia.

Alisimama vilevile. Kisha akasema hodi, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, nami nikamkaribisha mara ya pili.